Miezi ya Kusubiri Matokeo

Mtihani wa kidato cha nne ukishapita mwezi Novemba, wateja wa duka langu hubadilika. Nina steshenari ndogo hapa Morogoro: kompyuta mbili, printa moja inayokohoa kama mzee wa kijiweni, na mashine ya kopi niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Miezi mingine wanaoingia ni watu wazima. Wanatoa kopi za hati za viwanja, wanaskani vyeti vya kuzaliwa, wanalaminetisha vitambulisho. Desemba ikiingia wanakuja vijana. Wamemaliza shule, matokeo hutoka Januari, kidato cha tano huanza Julai, na katikati hapo hakuna kengele ya kuwaamsha. Wana simu nzuri kuliko yangu. Na wengi wao wananijia na ombi moja: "Anko, nitumie hii kwa imeili."

Mmoja nilimuuliza anwani yake. Akaitazama simu kana kwamba itamjibia. "Ipo humu humu." Humu wapi? "Aliniungia yule jamaa wa dukani siku nanunua simu." Jamaa wa dukani alifungua akaunti kwa jina alilolitunga yeye, nywila akaijua yeye, na namba ya kurejeshea akaweka laini ambayo kijana aliitupa zamani. Tukahangaika karibu saa nzima, mwisho tukafungua akaunti mpya. Kijana huyo huyo, wakati tunasubiri, alikata video ya harusi ya dada yake, akaitia wimbo na maandishi yanayorukaruka, akairusha kwenye statasi. Dakika tatu hazikufika.

Nimesimulia hayo kwa sababu wazazi wengi hunambia, "Mwanangu kompyuta anaijua, hashuki kwenye simu." Simu anaijua, sikatai. Lakini simu imetengenezwa ili mtu asihangaike: inaficha mahali vitu vinapokaa, inakukumbukia nywila, inakukisia neno kabla hujamaliza kuliandika. Kazi za ofisini, chuoni na hata dukani zinataka yale yale ambayo simu imeyaficha. Ndiyo maana mtoto anayezimudu programu ishirini za burudani anakwama mbele ya fomu ya mkopo wa Bodi ya Mikopo, au anapotaka kubadili tahasusi zake kwenye Selform ya TAMISEMI. Nakuandikia wewe uliyemaliza mtihani juzi na una miezi hii mikononi, na mzazi wako akitaka kusoma juu ya bega lako, asome.

Anza na jambo dogo ambalo hakuna kozi inayolipa heshima yake: faili. Nikimwambia kijana "nionyeshe hilo faili liko wapi," ananionyesha WhatsApp. Anapandisha mazungumzo kwa kidole, juu, juu zaidi, anapita salamu za mwezi uliopita, mpaka anakikuta cheti chake alichomtumia shangazi. Siku WhatsApp ikifutika, cheti nacho kimekwenda. Sasa fungua simu yako, tafuta programu inayoitwa "Files" au "My Files", ingia. Utakuta folda: za picha, za vitu ulivyopakua, za WhatsApp. Hayo ndiyo makabati ya nyumba yako, na pengine ni mara yako ya kwanza kuyafungua. Tengeneza folda moja, iite "Nyaraka zangu". Humo weka cheti cha kuzaliwa, cheti cha darasa la saba kama unacho, picha ndogo yenye mandhari ya bluu au nyeupe, namba ya mtihani, na nakala ya kitambulisho ukikipata.

Kisha yape mafaili hayo majina. Faili likiitwa IMG_20250114_093355 halitamfaa mtu, hata wewe mwenyewe baada ya wiki mbili. Liite Cheti_kuzaliwa na jina lako la ukoo. Linaonekana jambo la kitoto, mpaka siku umepeleka kwenye mfumo wa maombi picha ya sahani ya chipsi mahali pa cheti, kwa sababu zote mbili zilianza na IMG. Nimeliona kwa macho yangu. Mfumo haukucheka.

Kupiga picha cheti nako kuna ufundi wake. Usikilaze kitandani usiku na kuwasha mwanga wa simu: katikati patameremeta na mhuri hautasomeka. Kiweke mezani karibu na dirisha mchana, simama ili kivuli chako kisikiangukie, na badala ya kamera ya kawaida tumia kitufe cha kuskani kilichomo kwenye programu ya Google Drive, ambayo simu nyingi za Android huja nayo. Kitakata kingo, kitanyoosha karatasi, na kitakupa faili la PDF. Halafu angalia ukubwa wake. Mifumo mingi ya maombi hukataa faili likizidi kipimo kilichowekwa, na kipimo hicho huandikwa pembeni kwa herufi ndogo ambazo hakuna anayezisoma. KB 1,000 na ushei ndiyo MB 1. Picha ya kamera ya siku hizi huweza kuwa MB 4, kwa hiyo ukiambiwa mwisho MB 1, hata ubonyeze mpaka kidole kiote sugu haitapita. Mtu asiyejua hili hudhani mtandao uko chini. Anakaa dukani kwangu mchana kutwa akilaumu minara.

Nyaraka hizo ziwe mahali patatu: kwenye simu, kwenye barua pepe yako uliyojitumia mwenyewe, na kwenye flashi inayokaa nyumbani. Flashi ya kuzunguka nayo iwe nyingine, maana flashi inayoingia kwenye kompyuta za steshenari kama yangu hurudi na virusi, ndugu yangu, sitakudanganya.

Nije kwenye kozi. Miaka michache nyuma nililipa ada ya miezi mitatu kwa ajili ya binti wa dada yangu, kwenye chuo kimoja cha hapa mjini ambacho jina lake tuliache. Tangazo lilisema atafundishwa programu saba na kupewa cheti. Cheti alipewa, kizuri, kina mhuri wa dhahabu. Wiki iliyofuata nikamwomba anisaidie kuandika ankara ya mteja. Akafungua Word, akaandika kichwa, akataka kukipeleka katikati ya ukurasa. Akabonyeza kitufe cha nafasi mara thelathini na kitu. Nikamuuliza hivyo ndivyo walivyofundishwa? Akasema walikuwa wanne kwenye kompyuta moja, na aliyekaa kwenye kiti cha katikati ndiye aliyeshika mausi. Yeye alikaa pembeni miezi mitatu.

Kosa lilikuwa langu pia, sikuuliza. Wewe uliza kabla hujatoa hela. Kompyuta moja wanakaa wangapi? Nitaishika mwenyewe saa ngapi kwa wiki? Naweza kuja kufanya mazoezi jioni pasipo mwalimu? Na swali ambalo wenye vyuo vingi hawalipendi: nionyesheni kazi aliyoifanya mwanafunzi wenu wa awamu iliyopita. Wakikutolea cheti badala ya kazi, rudi nyumbani na ada yako. Kwa fedha ile ile unaweza kununua muda wa kompyuta kwenye steshenari ya mtaani, saa moja kila siku kwa wiki nyingi. Wenzetu wa Kenya wanaiita saiba, na huko pia mwenye saiba akiona kijana anakuja kila siku na daftari, baada ya muda humpa kazi ndogondogo za kutaipu na haulizi tena hela ya saa.

Kama huna hata nauli ya kufika mjini, tafuta waya mdogo wa OTG, ule wenye tundu la USB upande mmoja na kichwa cha kuingia kwenye simu upande wa pili. Simu nyingi za Android huupokea. Chomeka kibodi iliyotumika, isimamishe simu kwa kuiegemeza kwenye kitabu, tayari una kitu cha kujifunzia kutaipu. Tazama herufi F na J: zina kinundu kidogo unachoweza kukihisi pasipo kuangalia. Vidole vya shahada vya mikono yote miwili hukaa hapo, vingine vinajipanga pembeni, na vikienda mbali vinarudi hapo hapo. Dakika ishirini kila siku, bila kutazama chini. Wiki mbili za kwanza utajiona mjinga na utakuwa polepole kuliko ulivyokuwa ukidonoa kwa vidole viwili. Vumilia. Kijana anayetaipu kwa vidole kumi ninamjua akiwa bado mlangoni, kwa mlio tu.

Sasa nifike penye moyo wa jambo, na hapa nitakaa kidogo. Kozi, video na vitabu havitakufundisha kompyuta kama kazi ya mtu mwingine itakavyokufundisha. Nasema ya mtu mwingine kwa makusudi. Ukijifanyia zoezi mwenyewe, likikushinda unaliacha. Ukiwa umebeba daftari la watu, huwezi.

Msimu mmoja alikuja kijana ambaye mama yake ni mwanachama wa kikoba. Kikoba kina wanawake 24, wanakutana kila Jumamosi chini ya mwembe, wananunua hisa, wanakopeshana, wanatozana faini kwa kuchelewa, na kuna mfuko wa jamii wa misiba na uzazi. Katibu aliandika yote kwenye kaunta buku. Mwisho wa mwaka, siku ya kugawana, walikesha wakijumlisha kwa kikokotoo cha simu, na kila mara jumla ilitoka tofauti. Nikamwambia kijana: huna kazi, una simu yenye Excel, chukua kaunta buku la mwaka uliopita ulihamishie humo. La mwaka uliopita, lililokwisha kugawanwa, ili ukikosea pasiumie mtu. Na uombe ruhusa kwa katibu na mwenyekiti, siyo kwa mama yako tu.

Siku ya kwanza aliandika kama daftari lilivyo: juu jina la mkutano, chini yake majina, kisha nafasi wazi, kisha mkutano mwingine. Kwenye karatasi mpangilio huo unapendeza. Kwenye lahajedwali ni shida, kwa sababu mashine haiwezi kujua mkutano mmoja umeishia wapi. Nilimwambia afute, aanze upya: mstari mmoja, mtu mmoja, mkutano mmoja. Safu ya kwanza tarehe, ya pili jina, ya tatu hisa, ya nne marejesho ya mkopo, ya tano faini, ya sita jamii. Akalalamika kwamba atarudia majina yale yale kila wiki. Ndiyo, utayarudia, na kunakili ni kazi ya sekunde. Watu 24 kwa majuma 52 ni mistari 1,248 kwa mwaka. Ukurasa mmoja wa Excel una mistari 1,048,576, kwa hiyo kikoba hiki kingehitaji zaidi ya miaka 800 kuujaza.

Akajaza miezi miwili ya mwanzo, akaandika kanuni ya kujumlisha safu ya hisa, akabonyeza. Ikatoka 0. Akanijia mbio: "Anko, Excel yangu mbovu." Nikatazama. Kwenye kila kisanduku alikuwa ameandika 2,000/= kama mama yake anavyoandika dukani. Ile alama ya mkwaju na usawa imeigeuza namba kuwa maandishi, na maandishi hayajumlishwi, kama vile huwezi kujumlisha "Mwajuma" na "Rehema". Macho ya mtu yanasoma elfu mbili. Mashine inasoma herufi. Nilimwonyesha dalili yake: namba halisi huegemea kulia kwa kisanduku, maandishi huegemea kushoto. Akatazama safu nzima imeegemea kushoto, akashika kichwa. Alirekebisha jioni ile yote. Hakuna mwalimu aliyemwambia ajifunze tofauti ya namba na maandishi, na mpaka kesho hataisahau.

Yaliyofuata yalikuwa ndugu wa hilo. Namba za simu za wanachama alizoziingiza zikapoteza sifuri ya mwanzo, kwa kuwa kwa mashine 07 na 7 ni kitu kimoja. Dawa yake ni kuiambia safu ile mapema kwamba hayo ni maandishi. Tarehe 4 Machi ikageuka 3 Aprili, kwa sababu simu ilikuwa imewekewa mpangilio wa Marekani, ambako mwezi hutangulia siku. Jina la mwanachama mmoja liliandikwa kwa namna tatu: Mama Asha, Mama asha na M. Asha. Mashine kwenye kuchuja iliona M. Asha ni mtu mwingine, na mama huyo akaonekana kama hakununua hisa mwezi mzima. Hapo ndipo kijana alipoelewa kwa nini mifumo ya serikali inakung'ang'aniza jina liwe kama lilivyo kwenye cheti, herufi kwa herufi.

Wiki ya tatu, la mwaka uliopita likiwa limekwisha na la mwaka mpya limeanza, mama yake akamwuliza swali la kawaida kabisa: "Hebu hicho chombo chako kinaweza kuniambia nani hajalipa faini?" Akaja kwangu. Nikamwambia tafuta neno kuchuja. Wiki iliyofuata wakataka kujua kila mmoja ana hisa ngapi bila kuhesabu. Akajifunza kanuni ya SUMIF, akaniomba nimwelezee, nikakataa, nikamwambia asome mwenyewe maelezo kisha ajaribu kwa majina matatu tu ambayo jumla zake anazijua kwa kichwa. Siyo roho mbaya. Mtu akishajua namna ya kupima kama jibu ni sahihi, hahitaji tena mwalimu wa kumsimamia begani. Maswali ya wale akina mama ndiyo yaliyokuwa mtaala wake, na mtaala huo ulikuwa na mpangilio mzuri kuliko wa chuo kilichokula ada yangu, maana kila somo lilikuja siku lilipohitajika.

Sharti moja sikulilegeza: kaunta buku liliendelea kuandikwa kila Jumamosi kama kawaida. Mwisho wa mwezi walilinganisha. Jumla zikitofautiana, daftari ndilo linaloaminiwa kwanza, na kijana anatafuta alikokosea. Simu hupotea, huanguka kwenye ndoo, huibiwa kwenye daladala. Na faili la kikoba halirushwi kwenye kundi la WhatsApp, hata ukiombwa na nani. Deni la mtu ni siri ya mtu.

Wewe hukosi kikoba cha kwako. Kuna mjomba mwenye banda la kuku asiyejua kama anapata faida au anafuga kwa mazoea. Kuna mwalimu wa shule yako ya msingi mwenye orodha ya wanafunzi 90 na alama zao kwenye karatasi. Vishikwambi vilivyotumika kuhesabu watu kwenye Sensa ya 2022 vilipelekwa baadaye kwa walimu, na walimu wengine wangefurahi sana kumpata kijana mwenye subira wa kukaa nao alasiri moja. Kuna msikiti au kanisa lenye daftari la michango ya ujenzi. Kuna fundi cherehani anayeandika vipimo nyuma ya pakiti za sigara. Usiende kuomba kazi. Nenda ukaseme, "Naomba niwaandikie hili bure, nikikosea daftari lenu lipo pale pale." Mara ya kwanza fanya bure, ya pili omba nauli, ya tatu taja bei bila kuona haya.

Kuhusu mahali pa kujifunzia bila kumaliza bando, sitaongea sana. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada. Ukishajisajili unavisoma bure. Programu ya Kiwix hukuwezesha kupakua Wikipedia ya Kiswahili yote mara moja, kisha ukaisoma hata ukiwa shambani pasipo mtandao. Khan Academy, iliyoanza kwa Salman Khan kumfundisha binamu yake hesabu kwa mbali mwaka 2004, ina masomo mafupi ya hesabu na sayansi. Yaangalie kwa ubora mdogo wa picha, maana hesabu hazihitaji ung'avu wa sinema, na kabla mwalimu hajaandika jibu simamisha video uandike la kwako. Video ndefu zipakue kwa bando la usiku, ulale, uzitazame mchana. Ukijikuta umetazama masomo matano mfululizo hujaandika hata mstari, zima. Hiyo imekuwa tamthiliya.

Lugha itakusumbua, tuseme kweli. Maelezo mengi ya kompyuta yameandikwa kwa Kiingereza. Weka daftari lenye safu mbili: neno ulilolikuta upande huu, na upande wa pili maelezo yako ya Kiswahili, kama unamweleza bibi. Usihofu kwamba Kiswahili hakitoshi. Mwaka 2004 mradi uliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zenye menyu za Kiswahili, wakati wengi wenu hamjazaliwa. Maneno kama lahajedwali, kivinjari na nywila yapo. Mengine ukiyasema dukani kwangu watu watakuuliza unaumwa, lakini ukiyaelewa utayaelewa na yale ya Kiingereza. Na kama unapenda kuandika, Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, hupokea wahariri wapya. Andika kuhusu kata yenu. Utafutiwa sentensi yako kwa kukosa chanzo, utakasirika, kisha utajifunza kutafuta chanzo.

Kuna hii akili mnemba, ambayo wengine huiita akili unde. Tangu ChatGPT ilipofunguliwa kwa watu wote Novemba 2022, barua za maombi ya kazi ninazozichapa zimekuwa na Kiingereza kizuri na zimefanana kama sare za shule. Kuna wiki nilichapa tatu zenye aya ya kwanza ile ile, za watu wasiojuana. Mmoja aliacha ndani yake mabano yanayosema "weka jina la kampuni hapa". Nilimwonyesha kabla sijabonyeza kuchapa. Alinishukuru, akaniomba nimwekee jina la kampuni. Barua yenyewe hakuisoma hata hapo.

Sisemi usiitumie. Mimi mwenyewe naitumia nikikwama kwenye fomula. Ila geuza mpangilio: andika kwanza wewe, hata kama ni vibaya, kisha iulize makosa yako ni yapi na kwa nini. Iambie ikupe maswali kumi ya mada uliyosoma, ujibu bila kuangalia, ndipo iyasahihishe. Ikikupa tarehe, takwimu au jina la sheria, hakiki mahali pengine, kwa sababu huweza kutunga jambo lisilokuwepo kwa sauti ile ile ya kujiamini. Na usiibandikie namba ya NIDA, vyeti wala orodha ya wanakikoba. Njia ya kujipima ni rahisi: funga simu, umweleze mdogo wako ulichoandika. Ukishindwa kumweleza, hiyo siyo kazi yako.

Ya matapeli mnayajua, ile meseji ya "hiyo hela tuma kwenye namba hii" mmekua nayo. Nitaongeza mawili tu yanayowakuta vijana wanaoanza. La kwanza, kazi inayoomba ada ya usaili, ya fomu au ya sare kabla hujaanza siyo kazi; kuomba kazi serikalini kupitia Ajira Portal hakulipiwi. La pili, usiniachie mimi nywila yako. Mimi au mwenye steshenari yeyote. Nina daftari la miaka ya nyuma lililojaa nywila za wateja, walizoniandikia kwa mikono yao ili "nisisahau", na siku nilipoligundua chini ya meza nilitoka jasho, nikalichoma. Ingiza mwenyewe, toka kwenye akaunti mwenyewe kabla hujainuka kitini, na weka uthibitisho wa hatua mbili. Bonyeza *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, usiyoitambua, ifungishe. Meseji ya kitapeli irushe kwenda 15040 ya TCRA, kisha endelea na shughuli zako.

Mzazi, kwako nina neno moja na ni la binti yako. Wavulana hukaa dukani kwangu mpaka saa mbili usiku. Wasichana huja mchana wakiwa na haraka, sufuria iko jikoni, mdogo kaachwa kwa jirani. Simu ya nyumbani nayo ikiwa moja, huwa ya kaka. Mpe saa moja ya asubuhi isiyoguswa na mtu, isiyo ya kufua wala ya kwenda gengeni, na siku ukiwa na hesabu ya kupiga, mpe yeye. Binti wa dada yangu, yule wa mhuri wa dhahabu, alipata saa hiyo baada ya mimi na mama yake kutupiana maneno. Siku hizi ankara za duka anaziandika yeye, na kichwa kinakaa katikati kwa kitufe kimoja.

Yule kijana wa kikoba alipangiwa kidato cha tano, akaondoka Julai. Kabla hajaondoka alikaa na katibu wa kikoba Jumamosi nne chini ya mwembe, mama wa makamo ambaye simu yake ilikuwa ya kupokea na kupiga mpaka mwanawe alipomnunulia nyingine. Mwezi uliopita mama huyo alikuja dukani nimchapie orodha ya wanachama wapya. Nikawa naingiza viingilio vyao huku naongea na mteja mwingine, yeye kasimama nyuma yangu, kitenge begani. Akanigusa bega.

"Baba, hapo kwa huyu wa sita," akasema, akinyoosha kidole kwenye kioo. "Mbona imeegemea kushoto?"